Sailensa ya Mwili

Februari ya Dar es Salaam haina huruma: feni inazunguka na hewa ni ileile ya moto. Mwaka huo nilikuwa natembea na sweta kwenye mkoba. Ndani ya daladala watu wanagombea kukaa dirishani, mimi naomba dirisha lifungwe. Nilikuwa nimeongezeka kilo nne na sahani ni ileile, nywele zinabaki kwenye kitana, choo napata kwa kubahatisha, na ikifika saa mbili usiku, taarifa ya habari haijaisha, nimeshasinzia kwenye kochi mdomo wazi. Shangazi akaja kututembelea kutoka Njombe. Yeye sweta lake alilivua basi lilipofika Chalinze. Mimi akanikuta sebuleni nimevaa langu. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akapiga kigelegele kifupi.

"Mwanangu umenawiri! Ndoa imekukubali."

Ndivyo tulivyo. Mtu akinenepa ana raha. Akikonda ana mawazo, au ana ule ugonjwa ambao majirani hawautaji kwa sauti. Ndiyo maana ugonjwa wa tezi ya thairoidi unaweza kukaa ndani ya nyumba miaka mitatu ukipewa majina mengine yote: uvivu, uzee, jini, raha ya ndoa. Naandika kwa ajili ya msomaji aliye pale nilipokuwa mimi, na zaidi kwa yule ambaye ameshapimwa, ameshaandikiwa vidonge, na bado haoni nafuu.

Tezi yenyewe iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Ina umbo la kipepeo aliyetandaza mabawa, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20. Inatengeneza homoni mbili, na zote zinahitaji iodini, ile ambayo kwenye pakiti za chumvi huandikwa "madini joto". Aliyebuni jina hilo alilenga shabaha. Homoni ya kwanza ni thairoksini, au T4, kwa kuwa imebeba atomi nne za iodini. Ya pili ni T3, yenye tatu. T4 ndiyo inayotoka kwenye tezi kwa wingi, lakini ni akiba tu. Inasafiri kwenye damu, ikifika kwenye ini, figo na misuli inanyofolewa atomi moja, inakuwa T3. Hiyo ndiyo inayofanya kazi. Inaingia hadi kwenye kiini cha seli, zilipo jeni, na kuamuru baadhi ziongeze bidii na nyingine zipunguze.

Aliyewahi kusimama gereji analijua neno sailensa. Gari halitembei, gia haijaingia, injini inanguruma tu. Fundi anategea sikio: sailensa iko chini, litazima, au iko juu, linakula mafuta bure. Mwili nao una sailensa yake. Hata ukilala bila kuinua mkono, moyo unapiga, figo zinachuja, na kila seli inasukuma sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani kwa pampu zisizolala. Kazi hiyo isiyoonekana inakula zaidi ya nusu ya nishati ya siku kwa watu wengi, na wataalamu huiita umetaboli wa mwili uliopumzika. T3 ndiyo inayoshika skrubu yake. Inaongeza pampu, inaongeza mitokondria ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni, na joto linalotoka humo ndilo linalokufanya uvumilie feni. Adolf Magnus-Levy alilionyesha jambo hili mjini Berlin mwaka 1895 kwa kupima pumzi tu: watu waliolishwa tezi ya thairoidi ya mnyama walitumia oksijeni zaidi hata wakiwa wametulia.

Sailensa ikishuka, vyote vinashuka nayo. Moyo unapiga polepole, utumbo unasukuma polepole, ngozi inakauka, sauti inakwaruza, hedhi inakuwa nzito, mawazo yanakuja kwa kuburuzwa. Kolesteroli inapanda kwa sababu ini limelegea katika kuiondoa kwenye damu. Sailensa ikipanda kupita kiasi, moyo unakimbia hata umekaa, kikombe kinatetemeka mkononi, jasho halikauki, usingizi unapaa, na mtu anakula kama mchimba visima huku mkanda unazidi kulegea. Wengine macho yanajitokeza. Mara nyingi hao wana ugonjwa wa Graves, ambamo kinga ya mwili yenyewe inaisukuma tezi kama dereva aliyesahau mguu kwenye mafuta. Kwa upande wa polepole, palipo na iodini ya kutosha, anayelaumiwa zaidi ni ugonjwa wa Hashimoto, ulioelezwa na daktari Mjapani mwaka 1912: kinga ya mwili inaila tezi kidogokidogo. Yote mawili huwapata wanawake mara kadhaa zaidi ya wanaume, na miezi ya baada ya kujifungua ni msimu wake mmojawapo. Mama anayenyonyesha akisema amechoka, nani atashtuka?

Mimi nilizunguka karibu mwaka mzima. Zahanati moja walinipima damu, wakakuta imepungua, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Hawakukosea kuhusu damu. Hedhi nzito ilikuwa imeimaliza. Hakuna aliyeuliza hedhi imekuwa nzito kwa nini. Rafiki naye akaniletea vidonge vya nywele na kucha. Vyote viwili vitarudi kwenye hadithi hii.

Aliyenipima thairoidi mwishowe alinieleza jibu la kipimo kwa maneno ambayo nimeyarudia kwa watu wengi tangu siku hiyo. Jibu lilisema TSH 38, na maabara ile ilitaka isizidi 4 na ushei. Nikamwambia, dokta, kama iko juu si ina maana tezi inafanya kazi kupita kiasi? Akasema hapana. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo, inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ni hodi. Ubongo unapita mlangoni, unabisha. Ndani wakiitika vizuri, hodi moja inatosha. Wasipoitika, unabisha tena, kwa nguvu zaidi, hadi mtaa mzima unasikia. TSH 38 ni mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyolala. Na ikiwa ndani kuna ngoma na vigelegele, hakuna haja ya kubisha hodi. TSH inashuka karibu na sifuri, na hapo ndipo tezi imezidisha.

Kwa hiyo ukienda kupima, omba TSH, na pamoja nayo T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu. Kwa wengi hizo mbili zinatosha kuanzia. Orodha ndefu ya vipimo kumi si lazima iwe ishara ya umakini. Linganisha jibu lako na kiwango kilichochapishwa na maabara hiyohiyo, si cha rafiki aliyepimwa kwingine. Na kama unameza vile vidonge vya nywele na kucha, soma kopo: vingi vina biotini nyingi, nayo inavuruga baadhi ya mashine za kupimia hadi tezi iliyolala inaonekana kama ina ngoma. Viache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na umwambie mpimaji. Anayekatika nywele kwa ajili ya thairoidi ndiye hasa anayenunua vidonge hivyo. Mtego umetegwa mlangoni kwake.

Nikaanzishiwa levothairoksini, mikrogramu 50 kwa siku. Hiyo ni T4 iliyotengenezwa kiwandani, sawa na ya mwilini. Wiki nane baadaye TSH ilikuwa bado juu. Dozi ikapanda hadi 75, kisha 100. Bado 21. Sweta bado liko mkobani. Safari hiyo daktari hakuandika kitu, akaanza kuhoji.

"Kidonge unakimeza saa ngapi, dada?"

"Asubuhi, dokta."

"Na nini?"

"Na chai."

"Ya rangi?"

"Ya maziwa."

"Na vile vidonge vya damu?"

"Hapohapo. Navimeza pamoja ili nisisahau."

Aliweka kalamu chini, akacheka kidogo, si kwa dharau. Nilikuwa nanunua dawa kila mwezi na kuitupa chooni. Kalsiamu ya maziwa inaing'ang'ania levothairoksini tumboni, madini ya chuma yanaing'ang'ania zaidi, na kinachobaki kuingia kwenye damu ni kidogo. Kahawa nayo inazuia. Soya pia, na nani kati yetu hajawahi kunywa uji wa lishe wenye soya asubuhi akiamini anajijenga?

Basi shika hivi, na kama una muda wa kusoma aya moja tu, iwe hii. Kidonge kimezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa kabla ya kifungua kinywa, na saa nzima ni bora zaidi. Vidonge vya damu, kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali nacho kwa saa nne. Mimi vya damu nilivihamishia jioni. Mjamzito aliyepewa vidonge vya damu kliniki na huku anatumia levothairoksini, hili linakuhusu kuliko mtu yeyote. Asiyeweza asubuhi ameze usiku, saa tatu au nne baada ya kula, alimradi iwe kila siku vilevile. Wakati wa Ramadhani yako mawili: amka nusu saa kabla ya daku umeze, au subiri wakati wa kulala kama hukuendelea kula baada ya futari. La pili ni gumu katika nyumba ambayo sahani ya kaimati haiondoki mezani hadi saa tano. Vidonge vibaki kwenye pakiti yake, mahali pakavu penye kivuli, si juu ya friji wala kwenye gari.

Jambo la pili lililonishinda lilikuwa kusubiri. T4 inakaa sana mwilini. Baada ya wiki moja hivi nusu ya uliyomeza bado ipo. Ndiyo sababu ukisahau kidonge siku moja huanguki, na ndiyo sababu pia ukibadilisha dozi leo, damu haitatulia hadi wiki kama sita zipite. Kupima baada ya siku kumi ni kumwaga fedha. Nafuu nayo haiji kwa mpigo. Kwangu choo ndicho kilichotangulia, kisha usingizi ukawa wa kawaida, ngozi ikafuata, na nywele zilichukua miezi. Dozi ilibaki 100 ileile, sasa ikinywewa kwa maji. Wiki saba baadaye TSH ikasoma 2.1.

Kabla hujaona kidonge cha kila siku ni kero, fikiria alivyotibiwa mwanamke mmoja kule Newcastle, Uingereza. Mwaka 1891 daktari George Murray alianza kumdunga maji yaliyokamuliwa kwenye tezi za kondoo. Mama huyo alikuwa amevimba uso na mwendo wake umekuwa mzito kwa kukosa homoni. Akapona, baadaye akawa anakunywa dawa badala ya kudungwa, akaishi miaka 28 zaidi. Hesabu iliyofanywa baadaye ilisema kwamba miaka hiyo iligharimu tezi za kondoo zaidi ya 870.

Sasa kilo. Najua wapo waliokuja hapa kwa ajili ya kilo. Tezi iliyolegea huongeza uzito, ila kwa wengi ni kilo chache, na sehemu yake kubwa ni maji na chumvi vilivyobaki mwilini. Kwangu ziliondoka tatu kati ya nne. Aliyeongezeka kilo 25 apime, ndiyo, lakini asitegemee thairoidi imlipie deni lote. Na wale wanaojinyima kula kabisa wajue kwamba mwili una akili yake: ukikosa chakula kwa siku kadhaa, unapunguza kugeuza T4 kuwa T3, sailensa inashuka, na zile kilo unazozikimbiza zinaanza kugoma. Ama kumeza levothairoksini ukiwa mzima ili upungue, huko ni kuharibu. Moyo unaweza kuanza kupiga bila mpangilio, mifupa inapoteza madini, na kinachoyeyuka mwanzo mara nyingi ni misuli. Vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mtandaoni bila orodha ya vilivyomo, mimi sivigusi hata kwa kijiti.

Wenye tezi iliyozidisha hupewa dawa tofauti, aghalabu kabimazoli, pamoja na nyingine ya kutuliza moyo. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, usinunue antibayotiki duka la dawa ukalala. Acha kabimazoli, nenda hospitali siku hiyohiyo wapime chembe nyeupe za damu, kwa maana mara chache dawa hiyo huzimaliza.

Ukishika mimba ukiwa kwenye levothairoksini, mpigie daktari wako wiki hiyohiyo, usingoje kadi ya kliniki mwezi wa nne. Mtoto katika miezi ya mwanzo hana tezi inayofanya kazi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama, na kwa kawaida dozi inahitaji kupandishwa kwa robo hadi theluthi. Wapo pia watoto wanaozaliwa tezi yao haifanyi kazi. Nchi kadhaa hupima kila mtoto mchanga kwa tone la damu ya kisigino. Kwetu bado si kawaida. Mtoto anayesifiwa kuwa mpole mno, halii, hanyonyi kwa nguvu, umanjano hauondoki, choo kigumu, ulimi mkubwa, kitovu kimetokeza, apelekwe apimwe. Akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida anakua kama wenzake.

Kuhusu chumvi sina mengi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku; ukijumlisha miaka 70 haifiki gramu nne, kijiko cha chai hakijai. Lakini mwili hauwezi kuimeza yote leo ukasahau. Nunua chumvi ya pakiti yenye maneno "madini joto", iweke kwenye kopo lenye kifuniko mbali na mvuke, itie chakula kikikaribia kuiva. Ile ya mawe inayopimwa sokoni kwa kopo mara nyingi haijawekewa kitu. Mwenye presha apunguze chumvi kama alivyoambiwa, bora ile kidogo iwe na iodini. Na mihogo michungu iloweke siku kadhaa kabla ya kuianika. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta rovu, yaani uvimbe wa tezi hii, limejaa kaskazini na ni nadra kusini-magharibi, ilhali iodini ilikuwa haba kote; uhaba huo peke yake haukutosha kueleza. Muhogo ambao sumu yake haijatolewa vizuri ulikuwa unaizuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyokuwepo. Kabeji uliyoipika kwako haina kesi hiyo, kula.

Mwani nao naulizwa sana, hasa na jamaa wa Unguja. Sabuni yake naipenda. Ila jeli ya mwani inayouzwa kama dawa ya thairoidi sipendekezi. Kiasi cha iodini kinatofautiana kwa aina na kwa bahari, huwezi kujua umemeza kiasi gani, na tezi yenye Hashimoto ikifurikiwa na iodini inaweza kulala kabisa. Ugonjwa huo si njaa ya iodini.

Mwaka jana Shangazi alikuja tena, safari hii akanikuta nimevaa dira, sina sweta. Akasema nimekonda, ndoa ina matatizo? Nikamwonyesha kidonge, nikamweleza habari ya hodi, akacheka. Kisha nikaona namna alivyofunga ule mtandio shingoni, na joto lote hili la Dar. Nikamwomba aufungue, nikampa glasi ya maji, nikamsimamisha mbele ya kioo cha kabati. Kipimo hiki unaweza kukifanya mwenyewe: inua kidevu kidogo, meza fundo la maji, tazama sehemu iliyo chini ya kikoromeo. Uvimbe wa thairoidi hupanda na kushuka pamoja na kumeza.

Shangazi alimeza mara tatu. Upande wa kulia kitu cha ukubwa wa ndimu kilipanda, kikashuka.

"Hii ninayo tangu nikiwa msichana," akasema. "Kule kwetu wengi tulikuwa nayo. Mama yangu pia."

"Imewahi kupimwa?"

"Haiumi, mwanangu."

Jumatatu tulipanda daladala pamoja. Dirisha lilikuwa wazi.